Siku 12 za Mahébourg, na sisi wa Chongoleani tujue mapema

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu lakini hili jambo la mafuta ya meli kumwagika baharini nimekaa nalo moyoni tangu 2020 na kila nikipita barabara ya kwenda Chongoleani, linapoishia bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda, linanirudia, hivo leo nimeamua niandike tu. Ukiona pa kupunguza punguza, ila nakuomba usiiguse habari ya zile siku 12 ambazo meli ilikaa juu ya mwamba kabla mafuta hayajamwagika.

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Mchukuuni, marehemu baba alikuwa mvuvi na baba mdogo mpaka leo anavua kwa ngalawa. Mimi bahari sikuifuata, nilisomea upishi, na riziki ikanipeleka Morisi, kile kisiwa kilichoko mashariki ya Madagaska, nikawa napika kwenye hoteli moja upande wa kusini mashariki karibu na mji mdogo unaitwa Mahébourg. Ni sehemu ambayo mtu wa Tanga ukifika unajiona uko kwenu, mikoko ipo, mwamba uko kule mbele unavunja mawimbi na ndani ya mwamba maji yametulia kama ya kwenye beseni, wazee wanakaa ufukweni wanatengeneza nyavu, na pweza wanampenda kama sisi, wao wanamwita ourite na wanamla na mchuzi wa bizari. Mtu mzima wa kiume wanamwita tonton, kama sisi tunavosema mjomba. Nilizoea haraka.

Machi 2020 korona ikafunga mipaka, wageni wakaondoka, hoteli ikabaki tupu, na mimi nikabaki kule kwa sababu ndege hakuna. Kwahiyo kilichotokea nilikiona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Jumamosi ya tarehe 25 Julai jioni meli inaitwa Wakashio ikapanda mwamba pale Pointe d'Esny. Ilikuwa inatoka upande wa China inakwenda Brazil kuchukua mzigo, ndefu karibu mita 300, tupu kabisa. Lakini kwenye matangi yake ya kuendeshea injini ilikuwa na karibu tani 4,000 za mafuta. Naomba msomaji alishike hili vizuri, haikuwa meli ya mafuta, ilikuwa meli ya kubeba madini na siku hiyo haikuwa na kitu, yaliyotuumiza ni mafuta ya injini yake yenyewe. Baadae mahakamani ilielezwa kwamba melini kulikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mmoja wao, na meli ilisogezwa karibu na nchi kavu ili watu wapate mtandao wa simu wawasiliane na nyumbani. Desemba 2021 kapteni na msaidizi wake wakahukumiwa miezi 20 kila mmoja. Nafikiria sana habari ya huo mtandao, maana hao mabaharia wengi walikuwa wamekwama melini miezi mingi kwa ajili ya korona na kila mtu alikuwa anataka kusikia sauti ya mkewe na wanawe, hata mimi nilikuwa hivohivo, na jambo dogo kama hilo likaja likavunja maisha ya watu wasiowajua.

Jumapili asubuhi tulikwenda kuitazama. Mji mzima ulikuwa pale ufukweni, watoto, wazee, watu wanapiga picha, wengine wamekuja na chakula chao. Meli ilikuwa kubwa mpaka inaziba upeo wa macho, imesimama wima kabisa, rangi yake nyekundu na nyeusi, ukiitazama unadhani imetia nanga tu itaondoka kesho. Hakuna tone lililokuwa limemwagika, maji yako vilevile, ya kijani na bluu.

Sasa hapo ndo zile siku 12 zinaanzia.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Tulikuwa tunasikia kwenye redio kwamba hali inafuatiliwa, wataalamu wanakuja, meli itavutwa. Niseme ukweli, bahari ilikuwa mbaya, wakati ule ni upepo wa kusini mashariki, kusi letu hili hili, na mawimbi nje ya mwamba yalikuwa makubwa, kwahiyo waliosema boti za kunyonya mafuta zisingeweza kusogea hawakusema uongo wote. Lakini kulikuwa na tonton mmoja mvuvi, jirani yangu nilikopanga, kila asubuhi anakwenda kuiangalia meli kama mtu anaekwenda kumjulia hali mgonjwa, na siku ya nne au ya tano hivi akaniita akanionyesha kwa kidole, akaniambia angalia nyuma pale wimbi likija. Nikaangalia. Wimbi likija ule upande wa nyuma unanyanyuka kidogo halafu unashuka, unanyanyuka unashuka, na mbele haisogei. Akasema inacheza kama jino bovu, na jino likianza kucheza hivo haliponi. Akasema waitwe wavuvi na wenye boti waambiwe watandike kamba za kuelea, zile nene za kuzuia mafuta yasipite, kwenye mikoko na kwenye milango ya mwamba saivi, wakati mafuta bado yako ndani. Alisema hivo kwa kila mtu aliepita pale. Hakuna aliemuita popote.

Mimi mwenyewe nilimsikia nikaenda zangu kazini kukagua friza. Hilo linaniuma mpaka leo, maana mimi mtoto wa mvuvi nilijua anachosema.

Tarehe 6 Agosti, Alhamisi, niliamka kwa harufu. Nilidhani nimeacha gesi wazi. Nikakagua jiko, nikakagua mtungi, hakuna kitu, nikafungua dirisha harufu ikaingia kwa nguvu zaidi, ni harufu ya sheli ukichanganya na lami mbichi barabara inapotengenezwa, inakaa kooni hata ukinywa maji haitoki. Nikatoka nje nikamkuta tonton amesimama mlangoni kwake amevaa kofia yake ya kuvulia, hasemi kitu.

Tulipofika ufukweni maji yalikuwa meusi. Sio yote, yalikuwa yanakuja kwa mistari, mstari mweusi mnene halafu maji safi halafu mstari mwingine, na wimbi likija halitoi sauti. Hii kitu sijawahi kuisikia mtu akiieleza vizuri, wimbi la bahari lina sauti yake, linavunjika shwaa, lakini lile likiwa limebeba mafuta linakuja zito linalala kwenye mchanga taratibu kimya, kama uji. Mimi nimelala na sauti ya bahari tangu nazaliwa na siku ile ilikosekana.

Ijumaa serikali ikatangaza hali ya dharura ya mazingira. Lakini watu hawakusubiri tangazo, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hapa ndo pana mafunzo. Morisi ni nchi ya miwa. Watu walikwenda mashambani wakakusanya majani makavu ya miwa, malori na malori, wakayaleta pale ufukweni Mahébourg, wengine wakaleta nyavu, vitambaa, chupa tupu za plastiki, nyuzi za kuvulia, na tukaanza kushona. Unatandika kitambaa au wavu chini, unajaza majani ya miwa, unaweka chupa tupu zimefungwa vizuri ili kitu kielee, unakunja kama unavokunja mkeka, unashona, kisha unaunganisha na cha mwenzio mpaka inakuwa kamba nene ya mita nyingi, vijana wanaibeba begani kama wanavobeba nyoka kwenye picha wanaipeleka majini. Majani yanakunywa mafuta, chupa zinaizuia isizame. Masaluni yakawa yananyoa watu bure ili nywele zikusanywe zitiwe kwenye soksi za nailoni, maana nywele nazo zinanasa mafuta. Walikuwepo Wahindu, Waislamu, Wakristo, wanafunzi, masista, watu wa maofisini wametoka Port Louis, wote kwenye foleni moja, barakoa za korona usoni.

Mimi nilikaa karibu na mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani, alinifundisha kufunga fundo la uzi wa nailoni ili lisifunguke likilowa. Nilikuwa nafunga kama nafunga kuku wa kuoka. Akanishika mkono akanionyesha pole pole, unazungusha mara tatu, unapitisha chini, unaloweka na mate, ndo unavuta. Ukivuta kavu uzi unajikata. Tulishona kuanzia asubuhi mpaka giza, vidole vilikuwa vimechanika na majani ya miwa, yale majani yana makali kama ya ukindu ambao haujachomwa. Kesho yake tena. Na kesho kutwa.

Siku ya nne nikaenda kwenye mikoko na vijana wa pale. Upepo ulikuwa umeyasukuma mafuta kwenda kaskazini mpaka upande wa Rivière des Créoles na Bois des Amourettes, vijiji vya watu wa hali ya chini. Mizizi ya mikoko ile iliyosimama kama vidole ilikuwa imepakwa nyeusi mpaka pale maji yanapofikia wakati wa kujaa, unaona mstari umenyooka kama fundi amepiga rula. Tuliambiwa tusivute wala tusikanyage sana, maana ukikanyaga unayasukumia ndani ya tope na humo yatakaa miaka. Kwahiyo tulikuwa tunafuta mzizi mmoja mmoja kwa tambara. Mizizi iko maelfu. Nikaona kaa mdogo yule wa kwenye mikoko mwenye gando moja kubwa, yuko juu ya mzizi, mwili mzima mweusi, hakimbii. Kaa wa mikoko ukimsogelea anatoweka, kila mtoto wa pwani anajua. Huyu alibaki, mdomoni anatoa mapovu na mapovu yenyewe meusi, gando linafunguka linafunga linafunguka. Nilimchukua nikamfuta na ncha ya shati langu. Alikufa mkononi.

Watu waliumwa vichwa, kizunguzungu, wengine wakatapika, ngozi ikawa inawasha. Wengi tulifanya kazi na kaptura na kandambili kwa siku za mwanzo, glovu zenyewe zilikuja baadae. Kuyatoa mwilini sabuni haifui dafu, watu wengine walitumia petroli wakaungua ngozi. Mimi kwa kuwa ni mpishi nilijua mafuta yanatolewa na mafuta, nikabeba madumu mawili ya mafuta ya kupikia tukawa tunajipaka kwanza kisha tunafuta na tambara kisha ndo sabuni. Jambo dogo hili lilitusaidia kuliko mengi tuliyoambiwa.

Kwa ujumla zilimwagika kama tani 1,000. Zilizobaki, kama tani 3,000, zilinyonywa melini na kufikia tarehe 12 Agosti karibu yote yalikuwa yameshatoka. Nihesabie hapo Mhariri. Siku 12 mafuta yalikaa ndani ya meli nzima hayakunyonywa, halafu yalipoanza kumwagika ndani ya wiki moja helikopta zikapatikana, boti zikapatikana, msaada wa Ufaransa ukaja kutoka kisiwa jirani cha Réunion, Wajapani wakaja. Bahari ilitulia kidogo nakubali. Lakini kamba za kuelea kwenye mikoko hazikuhitaji bahari itulie, ndani ya mwamba maji yametulia siku zote, tonton aliyasema hayo akiwa na kofia yake mkononi. Tarehe 15 meli ikakatika vipande viwili.

Mwisho wa Agosti pomboo wakaanza kuletwa na maji wamekufa, karibu 50. Wakubwa walibishana na wananchi kama ni mafuta au sio mafuta. Mimi sio daktari wa wanyama. Niliona mmoja tu, mama wa pale alikuwa amemfunika na kanga yake. Tarehe 29 maelfu ya watu wakaandamana Port Louis wamevaa nguo nyeusi, na siku mbili baadae boti moja ya kuvuta meli iliyokuwa kwenye kazi hiyohiyo ilizama baharini usiku baada ya kugongana na tishali, mabaharia wake wanne wakafariki, mmoja hakupatikana hata mwili. Mungu awarehemu.

Halafu wageni wa habari wakaondoka na kamera zao, na hapo ndo tabu ya watu wa kawaida ikaanza. Uvuvi ulipigwa marufuku ndani ya mwamba. Wavuvi waliokuwa wamesajiliwa na wana kadi walipata posho ya serikali, haikuwa kubwa lakini ilikuwepo. Waliokuwa hawana kadi ilikuwa shida, na kadi wengi walikuwa hawana, kwa sababu nani pwani anakwenda ofisini kujiandikisha kwamba yeye anachokoa pweza maji yakipwa? Yule anaekaanga samaki kando ya barabara ana kadi gani? Kijana anaetembeza wageni kwa boti ya kukodi? Jirani yangu tonton alikuwa nayo. Mkwe wake ambae wanavua wote kwenye chombo kimoja miaka kumi na zaidi hakuwa nayo. Nilikuwa nawasikia jioni wakizungumza upande wa pili wa ukuta, mmoja amelipwa mmoja hajalipwa, na chakula wanakula sahani moja. Sitaki kueleza zaidi ya hapo ni mambo ya nyumba za watu.

Mipaka ilipofunguliwa nikarudi nyumbani Tanga.

Sasa ndugu zangu wasomaji ndo nafika kwetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Hilo kila mtu analijua, limeimbwa mpaka na ngoma. Matangi manne makubwa yenye uwezo wa mapipa milioni 2 kwa jumla, na gati la kwenda ndani ya maji ambapo meli zitakuja kupakia. Sio meli tupu kama Wakashio, hizi zitaondoka zimejaa. Mimi silipingi bomba, nisieleweke vibaya, watoto wa dada yangu wawili wamepata kazi pale na nyumba wamejenga, na Tanga ilikuwa imelala muda mrefu tangu viwanda vife, kwahiyo nafurahi kama mtu mwingine yeyote. Ninachouliza ni zile siku 12 zetu zitakuwaje siku zikija, na Mungu apishe mbali.

Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndo sababu bomba linapashwa moto njia nzima. Mimi kama mpishi nalielewa hilo kwa mfano wa mchuzi wa mbuzi ukiulaza, asubuhi unakuta mafuta yameganda juu. Sasa hayo yakiingia baharini hayatakuwa kama yale ya Mahébourg, yatakuja kwa mabonge, na je majani ya miwa yatayanywa? Je kamba za kuelea zitafaa za aina gani, nyavu labda? Huko Mahébourg mafuta yenyewe yalikuwa ya aina mpya ya salfa kidogo ambayo meli zililazimishwa kuanza kutumia 1 Januari mwaka uleule, hivo hata wataalamu walikuwa bado wanajifunza tabia yake baharini. Sisi tuna muda wa kujua kabla. Wapo watu wa vyuo, wapo wahandisi, waje waseme kwa Kiswahili kwenye vijiji, sio kwenye ripoti ya kurasa mia nane.

Na upepo tunaujua sisi wenyewe. Kusi likivuma na mkondo wetu unaenda kaskazini siku zote, kitakachomwagika Chongoleani kitakwenda Mkinga, Moa, Jasini, na kitavuka mpaka kiingie Vanga kwa ndugu zetu wa Kenya bila pasipoti. Njia nzima hiyo ni mikoko, na kina mama wa mwani wapo humo, mwani hauna pa kukimbilia umefungwa kwenye kamba. Na hapahapa Tanga tuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa 2009 kwa ajili ya yule samaki wa zamani silikanti, dunia nzima inakuja kumuulizia. Nimeshawauliza wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea pale na wa Sahare, swali moja tu, mkiona mafuta majini asubuhi mnampigia nani simu? Kila mmoja alinipa jibu lake. Mmoja alisema polisi, mmoja mwenyekiti wa mtaa, mmoja bandarini, mmoja akanyamaza akafikiri akasema nitampigia mke wangu. Hakuna namba moja ambayo wote wanaijua.

Kwenye mkutano mmoja nilinyanyua mkono nikauliza habari hii, nikajibiwa mpango upo. Nimeamini upo. Ila mpango wa maji lazima aujue yule anaelala majini. Naomba wahusika watuambie vifaa viko wapi, Tanga au vitatoka Dar es Salaam, na vitachukua masaa mangapi kufika Moa wakati wa masika barabara ikiwa tope. Wachukuliwe wavuvi wa kila kijiji, vijana kumi kumi, wafundishwe, wapewe gambuti, glovu na ovaroli vikae stoo ya kijiji, na wafanye mazoezi mara mbili kwa mwaka, kusi na kaskazi. Na awepo mtu mwenye ruhusa ya kusema tandika kamba sasa hivi hata kama hakuna tone lililomwagika, bila kusubiri barua. Pale Mahébourg meli ilikuwa inaonekana kwa macho siku 12, watoto wanaihesabu, na hiyo ruhusa haikutoka.

Kuna jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui na mimi nililijua kwa kuumia. Tanzania imo kwenye mkataba wa ule mfuko wa kimataifa wa fidia za mafuta wa 1992, mfuko unaohusu meli zinazobeba mafuta zikimwaga. Morisi hawakuweza kwenda huko kwa sababu Wakashio haikuwa meli ya kubeba mafuta, wakabaki na mkataba mwingine wenye kiwango cha chini zaidi. Kwahiyo sisi kwa upande huo tuna mlango. Lakini mfuko haumlipi mtu kwa kulia, unataka uonyeshe ulikuwa unapata nini kabla na umepoteza nini. Mvuvi wetu ataonyesha nini? Samaki ameuza mnadani pale pale akala na watoto, hakuna risiti. Mama wa mwani ana alama za mkaa ukutani. Nikamkumbuka yule mkwe wa tonton.

Kwahiyo niliporudi nilimwambia baba mdogo, baba naomba uwe unaandika kila siku unachopata. Akakataa, akasema samaki hahesabiwi ataondoka na baraka, na mimi kwa heshima sikumbishia. Nikarudi wiki nyingine nikamweleza habari ya wale watu wawili wa sahani moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huyo mkwe alikuwa na watoto wangapi, nikamwambia watatu. Akanyamaza, akamwita mjukuu wake wa darasa la tano akamwambia lete daftari.

Sasa yule mtoto ndo karani wake. Anamngoja ufukweni jioni na daftari la hesabu lenye picha ya twiga, anaandika tarehe, upepo, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (maji madogo), kilo na bei, na mzee anatia dole gumba pembeni. Wavuvi wengine wanne hapo Mchukuuni wameshaanza kufanya hivo. Nimelipiga picha ukurasa wa juzi nakutumia pamoja na barua hii, ukipenda uuchape ili watu waone jinsi ya kuandika. Unasema hivi: Jumanne, kusi, maji mafu. Changu kilo 4. Tasi kilo 2 na nusu. Pweza mmoja, hakuuzwa, tumekula.

Wako msomaji,
Mpishi, Mchukuuni, Tanga